Kuhamishia simu za SACCO kwenye intaneti: bando, leseni, na siku mtandao ukizimwa

Mwana_Arua

Salamu wandugu. SACCO yetu ina ofisi kuu Kampala na matawi Mbarara na Arua. Dawati la wanachama lina viti nane: vitano Kampala, viwili Mbarara, kimoja Arua. Kwa sasa kila kiti kina simu ya mkononi yenye laini yake. Mwanachama ana namba nane za kuchagua, akipiga asijibiwe hatujui kama alipiga, na ahadi aliyopewa kwa mdomo haina kumbukumbu. Bodi imepitisha kwamba simu zihamie kwenye intaneti: namba moja, foleni moja, mazungumzo yarekodiwe.

Kampala tuna faiba ya Mbps 20. Matawi yana ruta za 4G tu. Naomba mnisaidie haya:

Kiti kimoja kinakula data kiasi gani, na 4G ya Arua itabeba?

Mjumbe mmoja anasema tuachane na simu, wanachama wote wahamie WhatsApp. Ni busara?

Mjumbe mwingine anataka swichibodi ikishasimama tuingize simu za wanachama walioko Dubai: zije kwetu kwa intaneti, kisha zitoke kwa laini za SIM za hapa kwenda kwa ndugu zao, kwa malipo kidogo. Hilo linahitaji leseni ya UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda)?

Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima. Ikijirudia, dawati litaishije?

Swichibodi_256

Tuanze na hesabu, maana wengi hununua kasi wasiyoihitaji na kuliacha tatizo lenyewe pale pale.

Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo ndiyo sauti ya simu ya mezani tuliyoizoea, ni kbps 64. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde. Kila pakiti ina baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, yaani maelezo ya kuifikisha. Jumla ni kbps 80 kwenda na kbps 80 kurudi, sawa na MB 72 kwa saa ya maongezi. Viti vitano vya Kampala vikiongea kwa pamoja ni kbps 400 kila upande. Faiba yenu inatosha na kubaki.

Matawini tumia kodeki ya Opus kwa kbps 24. Sauti yake ni safi kuliko G.711 ukiipa masafa mapana, na ikipoteza pakiti chache haikwaruzi masikio. Pitisha simu za tawi ndani ya WireGuard (VPN, njia iliyofungwa ndani ya intaneti) hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha swichibodi. WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti, kwa hiyo Opus hufika kbps 64 kila upande, takribani MB 58 kwa saa. Kiti cha Arua kikiongea saa tano kwa siku, siku 22 za kazi, ni GB 6 na ushei kwa mwezi. Mbarara, viti viwili, GB 13. Hata wajinga wa hesabu bodini wataona kwamba bando la data si gharama kubwa hapa.

Kinachoua simu ni kuchelewa kwa pakiti, kuyumba kwake na kupotea. Shika viwango hivi: kutoka mdomo hadi sikio usivuke milisekunde 150, kuyumba kuwe chini ya 30, kupotea kuwe chini ya asilimia 1. Na chanzo kikuu matawini si mnara, ni ruta yenu wenyewe. Mtu akipandisha ripoti ya mwezi yenye picha, ruta inapanga pakiti zote kwenye foleni ndefu, na sauti inasubiri nyuma ya picha. Pima hivi: acha ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) ikikimbia kuelekea seva, kisha pandisha faili la MB 100. Ping ikitoka milisekunde 40 ikafika 600, mwizi umemwona. Dawa ni ruta inayokubali foleni ya CAKE au fq_codel, zinazozuia sauti kusubiri nyuma ya faili kubwa (programu ya ruta ya OpenWrt inazo zote mbili, MikroTik kuanzia RouterOS 7 pia). Weka kikomo cha kupandisha kwenye asilimia 85 ya kasi uliyoipima saa ya msongamano, usitumie ile iliyoandikwa kwenye tangazo. 4G inapanda na kushuka, kwa hiyo pima asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, uchukue ya chini.

Makosa mengine mawili utakutana nayo, na yana alama zake.

La kwanza, sauti ya upande mmoja: huyu anasikia, yule hasikii. Simu imetangaza anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.20, na seva inapeleka sauti huko ambako haifiki. La pili, simu inayokatika sekunde 32 baada ya kupokelewa, kila mara. Hapo ujumbe wa ACK (wa kuthibitisha) haufiki, na itifaki ya SIP, inayounganisha na kukata simu, ikisubiri mara 64 ya nusu sekunde inakata tamaa. Yote mawili hutokana na NAT, yaani ruta kuficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja ya nje, na ruta nyingi za dukani zina kipengele cha SIP ALG kinachodai kusaidia huku kikiharibu. Kizime. Laini za 4G nazo ziko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu, ambayo husahau njia ya UDP iliyo kimya, wakati mwingine ndani ya sekunde 30. Ndiyo maana nasisitiza WireGuard: weka PersistentKeepalive ya sekunde 25, njia inabaki wazi, na seva inaziona simu za Arua kana kwamba ziko chumba kimoja.

Usiache mlango 5060, ambao SIP hutumia, wazi kwa dunia. Roboti huukagua usiku na mchana, na wakipata neno la siri jepesi hupiga namba za nje za gharama ya juu wikendi nzima, bili inakuja kwenu. Mlango huo ufunguliwe kwa anwani ya mtoa tranki (kampuni inayounganisha swichibodi yenu na mtandao wa simu) peke yake. Simu za kimataifa zifungwe kwa chaguo-msingi, na tranki iwe ya malipo ya kabla au iwe na kikomo cha siku.

Tumieni waya hadi kwenye simu. Si Wi-Fi.

Sheria_na_Data

Ndugu Mwana_Arua, wazo la Dubai liondoe mezani kabla hujanunua hata waya.

Tofautisha mambo mawili. SACCO inayotumia swichibodi yake kwa wafanyakazi wake na wanaowapigia ni mteja wa mawasiliano. Inakodi tranki ya SIP na namba kutoka kwa mtoa huduma mwenye leseni, basi. Ukianza kubeba simu za watu wengine na kuwatoza, umegeuka mtoa huduma, na Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013 hairuhusu kutoa huduma hiyo bila leseni ya UCC.

Na huo mpango mahsusi, simu ya nje inayofika kwa intaneti kisha kutoka kwenye SIM ya hapa kama simu ya ndani, ndio unaoitwa simboksi. Simu za kimataifa zinazoingia Uganda hutozwa ushuru wa senti 9 za dola kwa dakika. Kenya, Rwanda na Sudan Kusini zilisamehewa. Anayepitisha simu kwenye simboksi anakwepa ushuru huo, anaikosesha kampuni ya simu malipo ya kumalizia simu, na mpokeaji anaona namba ya Uganda asiyoijua badala ya namba ya ndugu yake. Kumkamata si kazi ngumu: laini inayopiga mamia ya simu, haipigiwi, haitumi SMS, haihami kutoka mnara mmoja. Kampuni hujipigia pia simu za majaribio kutoka nje na kuangalia zimeingia na namba gani.

Walioko Dubai wahudumieni kwa njia nyingine. Huko simu za WhatsApp zimezuiwa lakini maandishi na ujumbe wa sauti vinapita. Mwanachama aache ujumbe wa sauti, dawati limjibu hivyo hivyo.

Sasa kurekodi. Sauti ya mwanachama akitaja namba ya kitambulisho na salio lake ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Jisajilini kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, ile iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Mpigaji aambiwe kabla maongezi hayajaanza kwamba yanarekodiwa na kwa sababu gani, kwa lugha anayoielewa: Kiganda, Kinyankole, Kilugbara, Kiswahili. Kiingereza peke yake hakimfikii mkulima wa Koboko. Andikeni muda wa kutunza rekodi na mzifute ukifika. Mkihifadhi kwenye seva ya nje ya nchi, mnawajibika kuhakikisha nchi hiyo inalinda data angalau kama sheria yetu, au mwanachama awe ameridhia. Data ikivuja, ofisi hiyo ijulishwe mara moja, msingoje kikao cha bodi. Kampuni ikipatikana na hatia, mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Kwenye mkataba wa tranki kuna kifungu watu hukiruka: namba ni ya nani mkataba ukiisha? Kiandikwe waziwazi. Namba hiyo itachapwa kwenye vitabu vya akiba vya wanachama wote, kwa hiyo ina thamani kuliko vifaa vyote mtakavyonunua.

Mwana_Arua

Asanteni sana. Dubai nimeifuta kwenye pendekezo. Mawili zaidi: seva ikae wapi? Tumepewa bei nzuri ya seva ya kukodi Ulaya. Na Arua umeme hukatika. Kiti kimoja kinahitaji betri ya ukubwa gani?

Raki_Namanve

Ulaya hapana. Uganda haina bahari, data yetu hutoka kwa faiba kupitia Kenya hadi Mombasa au kupitia Tanzania, ndipo iingie baharini. Kwenda Ulaya na kurudi ni zaidi ya milisekunde 120 hata njia ikiwa nzima. Simu ya Arua kwenda kwa mwanachama wa Masindi itasafiri hadi Ulaya, irudi Kampala kwa mtoa tranki, kisha ndiyo imfikie. Ongeza kuchelewa kwa 4G na kwa kifaa chenyewe, ile 150 aliyosema Swichibodi_256 imekwisha. Na waya wa baharini ukikatika mnakatika nao: Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika pamoja, Afrika Mashariki nzima ikayumba. Aliyekuwa na seva Kampala aliendelea kupiga simu za ndani.

Weka seva Kampala, ama ofisini kwenu ama kwenye kituo cha data. Namanve kuna kituo cha Raxio tangu 2021. Kabla ya kusaini na mtoa tranki na mtoa intaneti, uliza kama wote wamo kwenye UIXP, kituo cha kubadilishana data kilichopo Kampala tangu 2001. Wakiwemo, pakiti kati yao hazitoki nje ya mji. Usiridhike na jibu la mdomo, fanya traceroute (huonyesha njia ya pakiti) uone. Nimesema uliza wote wawili kwa sababu mmoja asipokuwepo, kuwepo kwa mwingine hakukusaidii.

Seva yenyewe si kubwa. Asterisk, programu ya swichibodi, yenye simu nane inatosha kwenye kompyuta ndogo ya RAM ya GB 4. Kwenye tranki omba G.711 alaw, kutoka matawini Opus, seva itabadilisha katikati. Rekodi ndizo zinazokula diski: WAV ya kawaida ni MB 58 kwa saa. Viti nane, saa tano, siku 22, ni saa 880, yaani GB 51 kwa mwezi. Mkihifadhi kwa kodeki ya GSM ndani ya WAV inashuka hadi GB 5 na maneno yanasikika vizuri tu.

Umeme wa Arua. Ruta wati 12, swichi ndogo 5, simu ya mezani 5: wati 22. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 18, ina Wh 216, lakini usiitoe zaidi ya nusu au itakufa mapema. Wh 108 kugawa kwa 22 ni karibu saa tano. Lisha vifaa moja kwa moja kwa volti 12 ikiwa vinakubali, kwa sababu inveta ndogo inajilia yenyewe sehemu ya umeme huo. Simu ya mezani ina faida hapa: kompyuta ikizima, simu bado inaita.

Kuhusu kuzimwa kwa mtandao. Siku zile za Januari 2021 simu za kawaida na SMS ziliendelea, intaneti ndiyo ilikufa, na WireGuard yenu ingekufa nayo. Usitegemee VPN, maana pakiti zote zimekosa pa kupita. Kwa hiyo tranki ya Kampala mwombe mtoa huduma ailete kwa kiungo chake mwenyewe hadi ofisini, isipite intaneti ya umma. Matawini weka geti ya GSM (kifaa kinachopiga na kupokea simu kwa laini za SIM) yenye SIM mbili, seva ikishindwa kuiona Arua kwa sekunde 60 simu za kiti hicho zielekezwe kwenye SIM hizo.

Sheria_na_Data

Hapo kwenye geti ya GSM naomba tusiende haraka. Kwa macho ya kampuni ya simu, geti yenye SIM inafanana na simboksi. Ikitoa simu nyingi kutoka laini moja, laini itafungwa, na itafungwa wiki ile ile mnayoihitaji. Kama mtaitumia: SIM zisajiliwe kwa jina la SACCO, kifaa kiwe kimepitishwa na UCC, kampuni ya simu iarifiwe kwa barua, na kisipokee simu yoyote iliyotoka nje ya nchi.

Kwa kiti kimoja cha Arua mimi nisingeweka geti kabisa. Simu ya mkononi ya kawaida mezani, na kwenye Asterisk agizo la kuhamishia simu kwenye namba hiyo kupitia tranki. Inagharimu dakika za simu ya ndani, hakuna zaidi.

Raki_Namanve

Kwa kiti kimoja nakubaliana nawe, ni rahisi zaidi. Mbarara wakifika viti vinne au vitano, mjadala wa geti urudi.

Bando_na_Kodi

Hakuna aliyemgusa mjumbe wa WhatsApp, na hoja yake haipaswi kupuuzwa. Wanachama wengi wako huko tayari. Lakini aelewe anajenga juu ya nini.

Bei kwanza. Kwenye mfumo wa WhatsApp wa biashara, ule wa kuunganishwa na programu zenu, mwanachama akiwaandikia mna saa 24 za kumjibu bila kulipia majibu ya kawaida. Zikipita, mnaruhusiwa kumfikia kwa kiolezo (ujumbe ulioandaliwa mapema) kilichoidhinishwa tu, na tangu Julai 1, 2025 kila ujumbe wa kiolezo hutozwa peke yake kulingana na aina yake: matangazo, taarifa za huduma, au uthibitisho. Kikumbusho cha mkopo kilichochanganywa na «jiunge na akiba ya Krismasi» huhesabiwa kuwa tangazo, na bei yake ni nyingine. Tenganisheni hayo mawili. Kumpigia mwanachama kupitia mfumo huo pia kunahitaji awe amekubali kupigiwa.

Halafu gharama ya mwanachama. Julai 2018 serikali iliweka shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Ilitegemewa kuleta shilingi bilioni 284 mwaka wa kwanza, zikapatikana kama bilioni 49.5, watu wakihamia VPN na Wi-Fi za maofisini. Julai 2021 ikafutwa, ikaja asilimia 12 ya ushuru kwenye data yote isipokuwa ya elimu na afya. Juu yake kuna asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, inayohesabiwa baada ya ushuru. Anayenunua bando la shilingi 10,000 anapata data ya 7,567. 908 ni ushuru, 1,525 ni VAT. Mjumbe akisema WhatsApp ni bure, muonyeshe mgawanyo huo.

Na wanachama wenye simu za tochi? Kwao WhatsApp haipo. Wana simu, SMS na menyu za USSD, na ndio wengi wa wakulima wa kahawa na tumbaku mnaowakopesha.

Kubwa zaidi ni nani anashika ufunguo. Facebook imezuiwa Uganda tangu Januari 2021; biashara zilizokuwa na ukurasa huko tu ziliwapoteza wateja kwa siku moja. Skype ilianza 2003, ikafungwa Mei 5, 2025. Ulaya wameona hatari hii, na sheria yao ya masoko ya kidijitali inailazimisha WhatsApp kufungua mlango kwa programu nyingine ziongee nayo. Kiwango cha kufanya hivyo kwa usiri kipo pia, MLS, kilichotolewa 2023 kama RFC 9420. Lakini sharti hilo ni la Umoja wa Ulaya. Hapa kwetu hakuna sheria kama hiyo, na ningependa UCC ianze kuizungumzia kabla ya kufikiria kodi nyingine ya data, maana kinachowafunga wafanyabiashara wadogo ni kutoweza kuhama na wateja wao.

Kwa hiyo WhatsApp iwe dirisha la pili. Isajilini kwa ile ile namba ya tranki badala ya SIM ya mfanyakazi. Uthibitisho unaweza kuja kwa simu ya sauti, kwa hiyo usajili ufanyike tranki ikishaanza kuita. Mfanyakazi akiondoka, haondoki na mazungumzo.

Swichibodi_256

Nyongeza kwa hilo la mwisho: wakati wa kusajili, zima kwa muda ule ujumbe wa kukaribisha na menyu ya «bonyeza 1». Simu ya uthibitisho husoma tarakimu sita ikijibiwa, na menyu ikiwa inaongea juu yake hutazisikia. Ielekeze moja kwa moja kwenye kiti kimoja, mtu awe na kalamu.

Na mpangilio wa kazi: anza na Arua peke yake kwa wiki mbili, namba za zamani zikiendelea kufanya kazi. Ndiko kwenye 4G, ndiko umeme unakokatika, kiti ni kimoja tu. Kisha Mbarara, Kampala mwisho. Kila jioni toa kwenye Asterisk ripoti ya RTCP ya pakiti zilizopotea na kuyumba kwa kila simu. Zikivuka vile viwango saa zile zile kila siku, jaribu SIM ya kampuni nyingine kwenye ruta ile ile kabla ya kugusa kitu kingine.